Mji Mkongwe wa Unguja: Tathmini ya Maduka ya Sanaa, Mavazi na Burudani za Jioni

Anayekwenda Mji Mkongwe kwa ajili ya sanaa, mavazi na burudani atagundua mapema kwamba karibu kila kitu kinachouzwa kando ya njia za watalii kinadaiwa kuwa cha Kizanzibari, na kwamba sehemu kubwa ya madai hayo haina mashiko. Kipimo nilichokitumia katika tathmini hii ni chepesi: je, mwenyeji wa mitaa ya Mkunazini, Malindi au Ng'ambo hununua kitu hiki kwa matumizi yake mwenyewe, na je, huhudhuria shughuli hii kwa hiari yake na kwa fedha yake? Kwa kipimo hicho mavazi yanapata alama za juu kabisa, taarabu inafuatia kwa karibu, uchongaji wa mbao unastahili heshima ingawa kazi yake bora haibebeki mkobani, na maduka ya picha za kuchora, ambayo ndiyo mengi kuliko yote, yanabaki nyuma sana.

Nianze na kanga, kwa kuwa ndiyo bidhaa inayowakutanisha mgeni na mwenyeji katika duka moja. Maduka yenyewe hayako Shangani wala Gizenga, bali upande wa Darajani na hasa Mchangani, ambako marobota ya vitambaa hupangwa hadi darini na doti hufunguliwa mbele ya mteja moja baada ya nyingine mpaka aridhike au achoke. Huko ndiko akina mama wa Unguja wanakonunua kanga za harusi, za uzazi, za msiba na za kushindia nyumbani. Bei anayotajiwa mgeni anayezungumza Kiswahili kwa kawaida haipishani sana na ya mwenyeji, mradi aamkie kwanza, ajibu habari zote anazoulizwa, na asiwe mtu wa kutupa swali la bei akiwa bado mlangoni. Kanga ile ile, ikiwa imekunjwa vizuri, ikafungwa utepe na kuwekwa kwenye kioo cha duka la jirani na hoteli, nimeikuta ikiuzwa kwa zaidi ya mara mbili, na kijana aliyekuwa akiiuza hakuwa na habari ya kilichoandikwa juu yake.

Jambo hilo la mwisho si dogo. Kanga kamili ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji, yaani uwanja wa katikati, na juu ya pindo la chini ina jina, yaani ujumbe ambao mnunuzi wa pwani huusoma kabla hajaitazama rangi. Vazi hili lilianza kushika sura yake katika pwani ya Afrika Mashariki kwenye nusu ya pili ya karne ya 19, pale wanawake walipoanza kuunganisha leso na kupata kitambaa kipana cha kujifunga na kujitanda, na maandishi yake yalikuwa ya herufi za Kiarabu kabla ya herufi za Kilatini kutawala. Tangu hapo jina limekuwa njia ya kusema jambo bila kufungua mdomo, na ndiyo maana muuzaji anayeijua kazi yake hamwachi mteja achague kwa macho peke yake. Niliposhika doti ya rangi ya machungwa iliyoandikwa HASIDI HANA SABABU na kutaja kwamba naitafutia zawadi ya ukweni, mama aliyekuwa akinihudumia aliikunja pale pale na kuirudisha kwenye rafu, akasema kwa upole, "Hii mwanangu hupeleki ukweni, wataanza kutafutana nani kalengwa." Akanitolea nyingine yenye dua. Huduma ya namna hiyo haipatikani katika duka la kuuzia kumbukumbu za safari, na kwangu peke yake inatosha kulipatia duka la Mchangani alama zote.

Kuhusu ubora, mnunuzi ajue kutofautisha pamba na kitambaa cha nailoni ambacho siku hizi kimejaa sokoni kwa bei ya chini. Kanga ya pamba ikiwa mpya hukakamaa kwa sababu ya wanga iliyotiwa kiwandani, hutoa harufu ya rangi, na ikishafuliwa mara kadhaa hulainika na kuanza kunyonya jasho, wakati ile ya nailoni huteleza mkononi tangu siku ya kwanza na haibadiliki mpaka ichanike. Mchoro wa pamba nzuri hupenya upande wa pili kiasi kwamba ukiigeuza unaona rangi karibu kwa nguvu ile ile. Mnunuzi akumbuke pia kwamba doti huja ikiwa kipande kimoja chenye kanga mbili, na kwamba lazima ikatwe katikati na kupindwa. Mafundi wa kupinda hukaa karibu na maduka hayo na kazi yao ni ya dakika chache. Ifuliwe peke yake mwanzoni, maana nyekundu na nyeusi huchuja, na hasara ya shuka jeupe lililogeuka waridi humwangukia mnunuzi wala si muuzaji.

Kati ya mitindo yote, unaostahili kuulizwa kwa jina ni kisutu, kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo bibi harusi wa pwani hakosi kupelekewa. Mchoro wake ni wa zamani sana na haufuati msimu. Wanamitindo wanaotafuta kitambaa cha kushona gauni la kisasa bila kupoteza asili yake wangefanya vyema kukitumia kisutu kabla ya kukimbilia vitenge, ambavyo pamoja na uzuri wake si vya Unguja zaidi ya vilivyo vya Kigoma au vya Kinshasa. Katika baadhi ya maduka madogo ya wabunifu yaliyopo kati ya Hurumzi na Shangani nimeona majaribio ya kupendeza ya kuchanganya kanga na kikoi katika makoti mepesi na mikoba, yenye ushonaji safi na bitana iliyokaa sawa. Bei zake ni za mtalii, lakini kazi inaonekana, na mtu halipii jina peke yake.

Sasa kofia. Hapa ndipo Zanzibar inapoonyesha ufundi ambao sijauona ukifanywa kwa kiwango hicho mahali popote Tanzania Bara. Kofia ya viua hushonwa kwa mkono juu ya kitambaa cheupe kilichochorwa kwanza kwa kalamu, kisha fundi, ambaye mara nyingi ni mwanamke anayefanya kazi hiyo nyumbani baina ya shughuli nyingine, hutoboa matundu madogo moja baada ya jingine na kuyazungushia uzi mpaka kila tundu liwe na ukingo uliokaza. Kofia moja huchukua wiki nyingi, na zenye nakshi nzito huchukua miezi. Namna ya kuitambua ni kuinyanyua kuelekea mwanga wa mlango na kutazama kwa ndani: kwenye kazi ya mkono mwanga hupenya katika kila kiua, na mishono ya ndani huwa safi karibu kama ya nje, ilhali kofia ya cherehani, ambayo siku hizi huingizwa kwa mafurushi kutoka nje ya nchi, huwa na nakshi zilizojaa uzi juu ya kitambaa kisichotobolewa, na ndani hukutana na nyuzi zilizorukaruka. Zote mbili huuzwa katika rafu moja, na si kila muuzaji atakueleza tofauti usipomwuliza.

Tofauti ya bei baina ya hizo mbili ni kubwa, na mara nyingi nimesikia wageni kutoka Bara wakilalamika kwamba wanabambikiwa. Lalamiko hilo silikubali. Mtu akigawa bei ya kofia ya viua kwa saa alizokaa fundi akiinamia tundu moja moja, ataona kwamba anayepunjwa si mnunuzi. Kinachostahili kulalamikiwa ni jambo jingine: maduka machache mno humtaja aliyeshona. Kofia hutoka Pemba au mashamba ya Unguja, hupita mikononi mwa mchuuzi, na inapofika kwenye kioo cha duka mshonaji ameshasahaulika. Mwenye nafasi na aulizie fundi mwenyewe, aagize mapema kwa kipimo cha kichwa chake, na alipe sehemu ya fedha kabla; mzee mmoja aliyekuwa akipiga pasi kofia zake barazani alinieleza kwamba kofia ya namna hiyo ikifuliwa hutiwa wanga na kuanikwa juu ya kibao cha mviringo ili isipoteze umbo, na kwamba anayeifua na jiki hana tofauti na aliyeichana. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, na akaendelea na pasi yake bila kujaribu kuniuzia chochote, jambo ambalo katika mtaa ule ni nadra.

Kwa upande wa ushonaji wa kuagiza, yaani kanzu, madera na suruali za kitambaa cha kikoi, huduma ya Mji Mkongwe ni nzuri kwa ubora na dhaifu kwa wakati. Mafundi wa vibarazani wana jicho la kipimo ambalo halihitaji kuandika sana, na darizi ya shingo ya kanzu wanaifanya kwa unadhifu wa kuridhisha. Hata hivyo ahadi ya "njoo kesho baada ya alasiri" ichukuliwe kama matumaini. Kanzu niliyoiagiza kwa fundi mmoja nilikabidhiwa nikiwa na mzigo mkononi naelekea bandarini, ikiwa na kifungo kimoja pungufu na tabasamu kubwa la samahani. Anayesafiri aagize siku anayofika.

Kuhusu picha za kuchora nitasema machache, kwa sababu maduka yenyewe yanasema jambo moja kwa kurudia. Ukuta baada ya ukuta umejaa twiga wenye shingo ndefu, Wamasai wembamba waliopangwa mstari, na jahazi mbele ya jua jekundu, na muuzaji wa kwanza atakuambia ni yeye aliyezichora, wa pili naye atakuambia hivyo hivyo kwa picha ile ile. Mtindo unaouzwa zaidi kwa jina la sanaa ya Zanzibar ni Tingatinga, ambao haukuzaliwa Unguja kabisa. Mwanzilishi wake, Edward Saidi Tingatinga, alitoka Tunduru, akaanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli juu ya mbao za bodi, na akafariki mwaka 1972 akiwa ameacha wanafunzi walioiendeleza kazi yake. Huo ni mtindo wa heshima na wa Kitanzania, na mwenye kuupenda anunue, lakini anunue akijua kwamba kazi nzuri zaidi anaweza kuipata Dar es Salaam kwa wachoraji wenyewe. Vivyo hivyo kwa vinyago vya Kimakonde, ambavyo asili yake ni kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji: mpingo wa kweli ni mzito, na ukitupwa majini huzama, wakati vingi vya vile vinavyouzwa njiani ni mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu, na doa jeusi litakalobaki kidoleni baada ya kukisugua litathibitisha hilo bila ubishi.

Zipo nyumba chache za sanaa ambazo hazistahili kuwekwa katika kapu hilo, zinazoonyesha michoro ya vichochoro, ya wanawake waliojitanda na ya mashua zikitengenezwa, iliyofanywa na wachoraji wanaoishi hapo hapo. Zinatambulika kwa kuwa picha hazifanani, bei imeandikwa, na mwenye duka yuko tayari kueleza nani amechora nini hata kama hununui.

Sanaa kubwa ya mji huu imo milangoni, na kuiona ni bure. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na kwa maoni yangu milango peke yake ingetosha kuwa hoja. Ile ya mtindo wa Kiarabu ina fremu ya mraba yenye nakshi nzito, mara nyingi na aya ya Kurani juu yake. Ile ya mtindo wa Kihindi ina upinde juu na mabawa yaliyogawanywa katika visanduku, na njumu za shaba zilizochongoka. Katikati husimama mfaa, mhimili wa mbao ambao fundi huutilia bidii yake yote, kwa minyororo, samaki, mitende na maua yanayopanda kutoka kizingitini hadi juu. Karakana za uchongaji bado zipo, na ni raha kusimama kidogo na kutazama patasi ikitembea juu ya mvule au mfenesi. Anayetaka kununua kitu cha ufundi huo, sanduku la njumu lenye droo za siri ndilo chaguo langu: hukaguliwa kwa kufungua kila droo mara mbili tatu, kuangalia kama kifuniko kinakaa bila kuyumba, na kugonga njumu kwa ukucha kuona kama zimeshikwa vizuri au zimegandishwa kwa gundi tu. Mlango wa kale uliong'olewa katika nyumba iliyoporomoka usinunuliwe, hata kama bei inashawishi, maana kila mnunuzi wa mlango wa namna hiyo humpa mtu mwingine sababu ya kung'oa mwingine. Vitu vya gamba la kasa navyo viachwe kabisa.

Neno moja kuhusu hina, kwa kuwa wengi huifanya sehemu ya matembezi. Hina halisi hutoka na rangi ya hudhurungi inayoelekea wekundu na huhitaji muda wa kukaa mkononi. Ile nyeusi inayokauka haraka ni piko, na piko inayotokana na dawa ya kutia nywele rangi inaweza kuunguza ngozi na kuacha alama za kudumu. Wapakaji wa kike wa Unguja wana mkono mwepesi wa ajabu katika maua ya harusi. Waambiwe wazi kwamba inayotakiwa ni hina tupu, na watoto wasipakwe piko hata wakilia.

Jua likishatua, mji hubadilika. Forodhani hujaa moshi wa mishikaki na watu wa kila namna, nao ni mkusanyiko wa kweli kwa sababu familia za mjini hushuka pale kupunga upepo wa bahari na kunywa maji ya miwa, ingawa kwa chakula chenyewe ningemshauri mtu aitafute urojo katika mitaa ya ndani, ambako muuzaji ana wateja wa kila siku wa kuwaogopa. Lakini jambo la kuvukia bahari ni taarabu.

Muziki huu uliingia Unguja kupitia kasri, katika enzi ya Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na kwa muda ulikuwa wa watu wachache na wa lugha ya Kiarabu. Kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kilianzishwa mwaka 1905 na kingali hai. Aliyeuteremsha muziki huo barazani kwa watu wa kawaida na kuuimba kwa Kiswahili ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, ambaye mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri, na ambaye sauti yake ilifika mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwahi kufika. Bi Kidude, aliyefariki mwezi wa Aprili 2013, aliutembeza duniani katika uzee wake. Culture Musical Club, iliyoanza mwaka 1958 na yenye makao yake Vuga, ni mojawapo ya vikundi vinavyoendelea kubeba mzigo huo, na Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi (Dhow Countries Music Academy) kilichoanzishwa mwaka 2002 kimefundisha vijana wengi kupiga kanuni, udi na fidla.

Onyesho la taarabu ya asili ninalolipendekeza ni lile la ukumbini au la harusini, wala si lile la watu watatu wanaopiga pembeni wakati wageni wakila kamba juu ya paa la hoteli. La hotelini ni zuri kwa sikio, lakini linakosa nusu ya shughuli, kwa sababu taarabu bila wasikilizaji wake imepungukiwa. Katika ukumbi uliojaa wenyewe, okestra huanza na ala pekee kwa muda mrefu, kanuni ikitangulia kwa nyuzi zake zaidi ya sabini na fidla zikiitika kwa pamoja, na watu wanaendelea kusalimiana na kutafuta viti. Mwimbaji anapoingia, minong'ono hupungua. Kisha hufika ubeti unaomgusa mtu. Mwanamke aliyevaa gauni la kumetameta, dhahabu shingoni na mkononi, huinuka katikati ya safu, hutembea polepole sana kuelekea jukwaani huku akicheza mabega kidogo, noti imeshikwa baina ya vidole viwili na kuinuliwa ili ionekane, na anapofika humtunza mwimbaji na kusimama pale mpaka mstari aliokuja kwa ajili yake umalizike. Wengine humtazama yeye kuliko mwimbaji, kwa kuwa wanataka kujua amemlenga nani. Wakati mwingine mwanamke wa pili naye huinuka upande wa pili na kujibu katika kibwagizo kinachofuata, na ukumbi mzima hushangilia kana kwamba bao limefungwa. Mavazi, mashairi na mambo ya mtaani hukutana katika dakika hiyo moja, na hakuna nyumba ya sanaa mjini inayoweza kushindana nayo.

Kuyapata maonyesho hayo kunahitaji kuuliza, maana matangazo yake hupita zaidi kwa midomo na kwa simu za watu kuliko kwa mabango. Harusi ni kwa mwaliko, lakini Wazanzibari ni wakarimu kwa mgeni aliyekuja na mwenyeji wake, na mgeni wa kike aliyevaa kwa heshima na kuja na zawadi yake ndogo hupokelewa vizuri. Asitoe kamera. Wanawake wanaovua mabaibui yao ukumbini wamefanya hivyo kwa kuwa wako peke yao, na picha moja iliyopigwa bila idhini inaweza kumletea mtu matatizo makubwa nyumbani.

Kwa wanaopenda mikusanyiko mikubwa zaidi, kuna tamasha la Sauti za Busara linalofanyika mwezi wa Februari tangu mwaka 2004, na tamasha la filamu la ZIFF lililoanza mwaka 1998. Yote mawili yameitumia Ngome Kongwe, jengo lililojengwa na Waomani baada ya Wareno kuondolewa mwaka 1698, na sijui ukumbi wa wazi mzuri zaidi katika nchi hii: kuta za mawe ya matumbawe huzuia kelele za nje, upepo wa bahari hupita juu, na kutoka viti vya ngazi kila mtu anaona. Sauti za Busara ina sifa moja ninayoithamini kuliko majina ya wasanii wake, nayo ni msimamo wake kwamba muziki upigwe moja kwa moja jukwaani wala usichezwe kutoka kwenye kanda. Kwa kipimo changu cha wenyeji, hata hivyo, tamasha hili huwa la watu wa Unguja zaidi wakati wa gwaride la ufunguzi, beni zinapopita mitaani na watoto wakizifuata, kuliko usiku wa manane ambapo wageni ndio wengi. Jengo la Beit al-Ajaib lililo jirani, la mwaka 1883, liliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020, na kulipita kwa miguu ukielekea tamashani kunatia simanzi.

Kama ningelazimika kuchagua wakati mmoja tu wa kuuona mji huu ukiwa umevaa, nisingechagua tamasha. Ningechagua Idi. Sikukuu huko huchukua siku nne, na kila jioni viwanja vya Mnazi Mmoja hujaa watoto waliovishwa nguo mpya kuanzia kiatu hadi utepe, wasichana kwa magauni ya kupepea na mikono yenye hina, wavulana kwa kanzu zilizopigwa pasi zikasimama, wote wakiwa na fedha zao za sikukuu mkononi wakitafuta bembea, vinyago vya plastiki na aiskrimu. Mafundi wa cherehani niliowasema hapo juu hukesha mwezi mzima wa Ramadhani kwa ajili ya jioni hizo. Hakuna kiingilio, hakuna jukwaa, na hakuna anayekuuzia ukumbusho wa safari. Anayetaka kuona mitindo ya Unguja jinsi Waunguja wenyewe wanavyoipenda aende akasimame pale, avae vizuri na yeye, na awape mkono wa Idi watakaompa.

Upande wa gharama, malazi ndani ya Mji Mkongwe hupanda wakati wa tamasha, wakati wa Idi na katika miezi ya Julai na Agosti, na hushuka katika masika, kati ya Machi na Mei, ambapo baadhi ya maduka hufungwa na vichochoro hugeuka mito. Mwenye kipato cha kawaida apange nyumba ya wageni upande wa Malindi au avuke kabisa aende Ng'ambo, ambako yuko umbali wa kutembea kwa miguu na anakula kwa bei ya mtaa. Tiketi za matamasha huuzwa kwa viwango tofauti kwa Watanzania na kwa wageni wa nje, na tofauti hiyo si ya kuchezea, kwa hiyo kitambulisho cha taifa kisiachwe hotelini.